Mama Simu wa Kurasa za Nyuma

Mama Saidi amefariki mwaka huu, korosho zikiwa ndiyo kwanza zinaanguka, na habari nililetewa na kondakta wa basi la Newala aliyesimamisha gari hapa Lisekese na kupiga kelele mpaka nikatoka jikoni na mwiko mkononi. Mazishi sikuyawahi. Nilifika siku ya tatu, nikamkuta Saidi mwenyewe, mtoto niliyemjua akienda chuoni na ubao wake, sasa ana mvi kuliko mimi. Uani wajukuu walikuwa wamekaa kwenye kivuli cha paa wakibishana, na mmoja wao alivaa fulana ya mtumba yenye picha ya mtu anayeruka angani, kitambaa kimefungwa shingoni, chupi juu ya suruali. Walikuwa wanabishana kama mtu yule anaweza kusimamisha basi kwa mkono mmoja. Nikawauliza, "Na nyuma yake kuna nani?" Wakamgeuza mwenzao, wakamkagua mgongo. "Nyuma hamna kitu, bibi." Nikacheka peke yangu kwenye nyumba ya msiba, na niliona aibu, lakini kicheko hakikukoma. Maana mimi mtu yule simjui. Miaka hiyo ya ujana wangu alikuwa anakaa mbele ya gazeti, na sisi wa Newala tulikuwa watu wa kurasa za nyuma.

Nilikuwa na miaka kumi na saba, nimemaliza shule ya misheni, nangoja nafasi ya kusomea uuguzi, na nikapelekwa Newala kumsaidia shangazi yangu, Mama Edwini, ambaye alikuwa na mgongo mbovu na ulimi mzima. Mwaka huo wazungu wa mradi wa karanga walikuwa wanafunga virago Nachingwea, na kila walichokiacha kilinunuliwa: mapipa, vitanda vya chuma, viatu vya mguu mmoja. Mwenye duka letu, Mhindi tuliyemwita Baba Amina, alinunua makasha ya karatasi kuukuu za kufungia bidhaa. Ndani yake mlikuwa na magazeti ya picha, ya rangi, kila ukurasa umegawanywa vyumba vyumba, na maneno ya watu yakiwatoka midomoni mwao kama mvuke wa sufuria. Baba Amina alitoboa kila gazeti pembe ya juu kwenye jalada, akalitundika kwenye msumari uso ukitazama ukuta, na alipotaka karatasi alichana kutoka nyuma. Chumvi, karatasi. Tumbaku, karatasi. Akifika kwa yule mtu wa kuruka, aliacha kuchana, kwa sababu watoto wake walishaweka sharti: kurasa za mbele ni zao. Basi mji mzima wa Newala ukawa unapelekewa nyumbani, jani moja moja, zile hadithi fupi za mwishoni ambazo nadhani hata waliozichora hawakuzitilia maanani sana.

Nimezifikiria sana hadithi zile. Kila moja ilikuwa na kurasa sita, yaani majani matatu ukihesabu mbele na nyuma, na hazikuwa na mtu wa kuruka hata mmoja. Kulikuwa na mpishi wa meli aliyewagundua wezi kwa kuonja mchuzi. Kulikuwa na kinyozi mzee. Nilijiuliza, na bado najiuliza, kwa nini mtu atie watu wadogo hawa nyuma ya jitu la kubeba magari. Labda karatasi zilibaki wakaona haya kuziacha tupu. Labda mchoraji mmoja, kijana kama mimi, aliambiwa, "Haya, hizo sita ni zako, usitusumbue." Sijapata wa kumuuliza. Ninachojua ni kwamba nilikuwa na Kiingereza cha misheni, cha zaburi na cha kuomba ruhusa ya kwenda msalani, na kwa kurasa zile nikajifunza kingine, cha watu wanaogombana na kupendana. Shangazi aliniona nakung'uta chumvi kwenye chungu upesi upesi ili nisome karatasi, akasema, "Wewe binti, siku moja utatupikia gazeti utusomee mboga."

Maji ndiyo yaliyonifanya msomaji wa watu. Aliyewahi kuishi juu ya uwanda ule anajua: udongo mzuri, hewa nzuri, maji hakuna. Tulikuwa tunateremka alfajiri na ndoo na vyungu hadi chini bondeni, na huko chini tunapanga foleni kwenye kisima kinachotoa maji kwa kinyongo, saa mbili, saa tatu, jua linapanda na sisi tumekaa. Siku moja nilikuwa na jani mfukoni, nikalitoa, wanawake wakasogea. "Tusomee." Nikaanza, na mama mmoja akaziba masikio. "Hadithi mchana? Unataka mama zetu wafe?" Hilo lilikuwa jambo zito kwetu. Hadithi ni za jioni baada ya chakula. Ukisimulia jua likiwa juu unaiita balaa kwenye ukoo. Mimi, kwa uchu wa kusoma, nikajibu haraka bila kufikiri: "Hii si hadithi, mama. Ni gazeti. Ni habari za watu wa huko." Wakatazamana. Habari zinaruhusiwa hata saa sita mchana. Yule mama akatoa vidole masikioni, na mimi nikasoma, na huo ndio uongo wangu wa kwanza wa mwaka ule.

Habari iliyowashika kuliko zote ilikuwa ya mwanamke mmoja wa mji wa bandari, kazi yake kuunganisha simu. Alikaa mbele ya ubao wenye matundu na nyaya, akisikia siri za mji mzima. Wanawake wa foleni hawakuweza kumwita kwa jina lake tupu, mtu mzima, ameolewa. "Hana mtoto?" "Hana." "Basi ni Mama Simu." Mumewe Mama Simu alikuwa baharia, kijana asiye na ndevu, chombo chake kimepotea miaka mitatu, na tajiri mmoja mwenye masharubu alikuwa anamposa kila ukurasa, leo maua, kesho mkufu. Nilikuwa na majani mawili, kurasa nne. Mwisho wa ukurasa wa nne, Mama Simu amekataa mkufu, amekaa peke yake kwenye ubao wake, taa nyekundu inawaka, anashika mkonga wa simu, macho yanamtoka, anasema, "Wewe ni nani?" Na jani la tatu halipo. Kwa jinsi Baba Amina alivyokuwa akichana, mwisho wa kila hadithi ndio ulioondoka kwanza.

Wote walinizomea, kana kwamba mimi ndiye niliyelila jani. Mama Saidi peke yake hakuzomea. Huyu alikuwa jirani yetu, mwanamke wa miaka ishirini na sita hivi, mrefu, mwenye kucheka kwa pua. Mumewe alikwenda manamba, kukata mkonge Tanga, na mwaka wa kwanza zilikuja barua mbili na kanga, na mwaka wa pili na wa tatu hakikuja kitu. Waliorudi walisema hawakumwona. Kwao Mama Saidi kaka mtu ndiye mwenye sauti, na kaka yake, Bwana Halfani, alikuwa amekwisha kumpatia mwanamume mwingine, mzee mwenye mikorosho mingi na wake wawili. Alimwambia mavuno yakiisha atampeleka kwa kadhi ndoa ivunjwe, aolewe. Mama Saidi hakumtaka yule mzee hata kwa dawa. "Ananuka mdomo," aliniambia, "na anahesabu vijiko." Lakini kukataa tu, bila neno la kushika, kwa kaka kama yule, haikuwezekana.

Sasa Bwana Halfani alikuwa na jambo lake: aliheshimu karatasi. Hakujua kusoma hata herufi moja, na alikuwa na kopo la biskuti lililojaa vyeti vya kodi tangu enzi za baba yake, kwa sababu aliona kwa macho watu wakifungwa kamba kwa kukosa karatasi, na yeye akapita. Mkewe, Mama Zena, alikuwa nasi kwenye foleni, akampelekea nyumbani habari za Mama Simu. Halfani akasema ni uzushi wa wanawake. Mama Zena akamwambia, "Tunasomewa mchana kweupe, miezi miwili sasa, na hakuna aliyefiwa na mama." Halfani akafikiri, akakubali. Ingekuwa hadithi, balaa lingeshaingia. Basi ni kweli. Yupo mwanamke huko, mumewe kapotea miaka mitatu sawasawa na shemeji yake, na mambo yake yameandikwa. Akatoa uamuzi: "Mwenzake alifanyaje? Ileteni karatasi ya mwisho. Kama mume alirudi, nami nitamngoja shemeji mwaka mmoja zaidi. Kama hakurudi, tunakwenda kwa kadhi, na sitaki kusikia kilio."

Mama Saidi alikuja kwa shangazi siku hiyo hiyo, akanikuta namenya ming'oko, vile viazi vya porini. Akakaa kwenye kinu kilicholazwa. "Binti, hiyo karatasi iko wapi?" Nikamwambia sijui. "Itafute." Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba ni mambo ya kutungwa, kwamba Mama Simu hayupo popote duniani. Shangazi akanitazama kwa jicho moja akaona midomo yangu inafunguka, akaniwahi: "Menya ming'oko." Baadaye akaniambia, "Wewe ndiye uliyesema ni habari. Ukirudi nyuma leo, Halfani atamwoza kesho. Kaitafute hiyo karatasi, kisha ndiyo uanze utakatifu wako." Niliogopa sana. Sikuwahi kuona kitu nilichokifanya kwa mchezo kikigeuka kuwa maisha ya mtu.

Baba Amina alikumbuka, kwa sababu alikuwa mtu wa kukumbuka kila gramu iliyotoka dukani. "Gazeti la jalada la kijani? Jani la kwanza kabisa kuchanika nilimfungia tumbaku utingo wa lori. Aliniomba lenye picha. Mke wake ana kibanda cha chai Nanganga, anabandika ukutani." Bahati ikanisimamia: wiki ile ile niliitwa Masasi kuonana na Sista wa hospitali kuhusu nafasi yangu. Nikapanda lori, juu ya magunia ya muhogo mkavu, tukateremka uwanda. Sista aliniuliza maswali kwa Kiingereza, nami nikamjibu kwa kile cha kurasa za nyuma, kwa nguvu, kila sentensi kama nyumba inaungua, mpaka akaniuliza kwa upole kama nasikia vizuri. Alinikubali, niingie mwaka unaofuata. Kesho yake nikaunga safari hadi Nanganga.

Kibanda cha chai kilikuwa cha makuti, benchi mbili, harufu ya tangawizi na maandazi, na ukuta wote wa udongo umebandikwa picha kwa uji wa muhogo: sabuni, mfalme, baiskeli, na juu ya rafu ya vikombe, Mama Simu wangu na mkonga sikioni. Ukurasa wa tano! Nilipanda kwenye benchi nikausoma hapo hapo. Sauti ya kwenye simu ilikuwa ya mkuu wa bandari. Chombo kimeonekana, kimezama mwambani, na wote waliokuwamo wamekufa. Mama Simu ameinamisha uso juu ya nyaya zake. Ukurasa wa sita ulikuwa upande wa pili, umegandana na ukuta. Mke wa utingo, mwanamke mnene mwenye huruma, akasema, "Bandua, mwanangu, lakini uniachie nyingine, pengo silitaki." Nikaloweka kwa maji ya kuoshea vikombe, nikabandua polepole kwa kucha, na udongo ukaja kidogo na karatasi. Picha ya mwisho ilikuwa kanisa. Mama Simu amevaa nguo nyeupe, na kando yake amesimama yule tajiri, na masharubu yake. Nilikaa kwenye benchi. Kisha nikampa yule mama jani la pili nililokuja nalo, lile lenye ukurasa wa tatu na wa nne, ambamo tajiri anaonekana karibu kila chumba, akalibandika kwenye pengo. Siwezi kuapa kwamba nilikuwa na hila tayari. Siwezi kuapa pia kwamba sikuwa nayo.

Bwana Halfani aliniketisha kwenye mkeka uani kwake mchana wa Alhamisi. Alikuwapo yeye, Mama Zena akipepeta mbaazi, na Mama Saidi karibu na mlango, mikono imefumbatana magotini. "Shikamoo, Baba Zena." "Marahaba. Soma." Nikafungua jani, limekauka limejikunja, lina madoa ya udongo mwekundu. Kiingereza nilikisoma kama kilivyoandikwa, neno kwa neno, kwa sauti. Sikuthubutu kubadili kilichochapwa. Kisha akasema, "Sasa kwa Kiswahili." Nikaitazama karatasi, na kwa mdomo wangu nikasema: simu ilitoka bandarini. Chombo kimeonekana. Mume yuko hai. Amerudi, na wamekwenda kanisani kushukuru. Halfani akanyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaisogeza machoni. Hakujua kusoma, lakini macho alikuwa nayo. "Huyu hapa analia." "Analia kwa furaha, baba." Kidole kikateremka upande wa pili, kikasimama kwenye masharubu. "Na huyu ndiye mume? Mliniambia baharia ni kijana, uso safi. Mwenye masharubu ni yule tajiri."

Namwambia Mungu kila siku kwamba kama ningeachwa sekunde mbili zaidi ningelia na kusema yote. Ungo wa mbaazi ukaacha kupepetwa. Mama Zena, ambaye alikuwa ameyaona yale masharubu kwa macho yake kwenye foleni, chumba kwa chumba, na kuyacheka, akainuka, akaja akainama juu ya bega la mumewe. Akatazama kwa muda. "Nnungu wangu," akasema, "ndiye huyo huyo. Nimemjua kwa masikio. Amefuga tu." Akarudi kwenye ungo wake. Halfani akaitazama tena picha. "Miaka mitatu baharini," akasema taratibu, "wembe atautoa wapi?" Akalifungua kopo la biskuti, akalikunja jani lile mara nne, akaliweka pamoja na vyeti vya kodi. "Mwaka mmoja," akamwambia dada yake. "Mwambieni mzee wa mikorosho atafute kwingine. Sitamweka mtu kiporo."

Tulitoka pamoja, mimi na Mama Saidi, tukapita njia ya mihogo. Nilikuwa nacheka kama mwendawazimu, nikingoja anikumbatie. Tulipofika mbali ya nyumba alisimama. "Sasa niambie ilivyo." Nikajitia sikuelewa. "Binti, yale masharubu hata mimi nayajua. Niambie. Alikufa?" Nikasema, "Alikufa, Mama Saidi. Simu ilikuwa ya kifo. Lakini sikiliza, haya yote ni ya kutunga tu, ni hadithi, niliwadanganya tangu mwanzo, hakuna mtu kama huyo!" Akanishika mkono kwa upole, kana kwamba mimi ndiye niliyepatwa. "Najua ni hadithi. Nani atachora picha za watu wakilia chumbani mwao? Mumeo asipoandika miaka miwili, na alikuwa akiandika, na alikuwa akimpenda mtoto wake vile, unajua. Nimejua tangu masika ya juzi. Ila hakuna aliyenitamkia. Nikisema mwenyewe kwamba amekufa, kaka yangu ananihesabia eda na kunioza siku inayofuata. Basi nimekaa naye hivi, si mzima, si maiti." Akakaa chini katikati ya mihogo, akajifunika kanga usoni, akamlilia mumewe, bila sauti, mabega tu. Mimi nilisimama pale na miaka yangu kumi na saba, sijui nishike nini.

Siku iliyofuata alijifunga mguu kitambaa, akasema ameteguka mteremkoni, hawezi kushuka kisimani wala kwenda popote. Kaka yake akamletea mafuta ya kuchua. Hakujipaka wanja, hakusuka nywele, hakuvuka kizingiti. Watu wakasema mguu gani huu usiopona, na Mama Zena alikuwa wa kwanza kueleza kwamba mifupa ya ukoo wao ni migumu kuunga. Mimi nilichukua ndoo yake pamoja na yetu, nikateremka na kupanda mara mbili kila siku, na shangazi yangu, ambaye kwa kawaida angenipigia kelele kwa kuchelewa kuwasha moto, akawa anauwasha mwenyewe na mgongo wake mbovu bila kuniuliza kitu. Nilikuwa naihesabu eda yake kwa mikwaruzo ya mkaa nyuma ya mlango wa jiko, miezi minne na siku kumi. Asubuhi ya mwisho nilimpelekea maji ya kuoga, nikamkuta amekaa kwenye kitanda cha kamba, ananingoja. Sikujua Waislamu wanasemaje siku hiyo. Nilikuwa Mkristo na mtoto, na ndoo bado ilikuwa kichwani. Nikamwambia, "Pole kwa msiba, Mama Saidi." Akaitikia, "Nimeshapoa, mwanangu." Katika Newala nzima hakuna mwingine aliyempa pole ya mume yule.